Nilimwekea Mama Mkwe Linux, Sasa Hachapi Tena

Mama Numbi mpendwa, nimesoma ukurasa wako gazetini tangu sijaoa, nikicheka matatizo ya wenzangu, leo zamu yangu imefika na sicheki hata kidogo, naomba unisaidie kabla sijamkosea mama mkwe wangu kwa mara ya pili.

Jina langu ni Gauthier, naandaa karatasi za forodha za mizigo inayopita mpakani Sakania, ofisi yetu iko mjini kati lakini naishi mtaa wa Katuba na mke wangu Abigaïl, na shida yangu haihusu forodha, inahusu kompyuta, na hasa inahusu mdomo wangu. Mwaka jana kompyuta yangu, ile niliyoinunua upande wa Zambia, ilianza kuwa nzito, unaiwasha asubuhi, unaenda kuoga, unarudi bado inawaza, basi mwenzangu wa ofisini akanishauri niondoe Windows niweke Linux, yaani nibadilishe ule mfumo mzima unaoamsha mashine na kuiendesha, si programu moja tu, nikaogopa, nikajaribu, na nakuambia mashine ilifufuka, virusi vya kwenye flash vikakoma kunisumbua, na sikudaiwa hata senti. Hapo ndipo nilipoharibika. Nikawa mhubiri. Nilimwekea rafiki yangu Fils, akafurahi, nikaiwekea kwaya ya parokia, wakafurahi, nikamwekea dada yangu mkubwa, akanuna kwanza halafu akafurahi, mpaka ikafika mahali kwenye sherehe watu wakiniona naja wanabadilisha mazungumzo, na jirani mmoja aliifunika kompyuta yake kwa kitenge nilipobisha hodi, nami nikadhani anatania.

Sasa mama mkwe wangu, Mama Delphine, ni mjane wa hapa hapa Katuba, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho ofisi yake, anachapa programu za matanga, yaani ratiba za ibada ya msiba, kadi za harusi na vijitabu vya misa. Alifundishwa kuchapa na masista akiwa msichana, anatumia vidole vyote kumi bila kuvitazama, huku anamwuliza mteja habari za watoto, na mtaa mzima ukioa au ukifiwa unapita chini ya vidole vyake. Lakini wateja humletea flash zilizojaa virusi, na mashine yake ilikuwa imezeeka, akamlalamikia Abigaïl, Abigaïl akaniambia mimi, na mimi ningengoja neno gani lingine?

Mama Numbi, wewe ni wa huku, unajua. Kwetu mwanaume hakai karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni, hamshiki mkono, na neno lake kwake hupitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo nilifanya kazi yangu mama akiwa uani jikoni, nikachomoa diski yake ya zamani nikaiweka pembeni salama, nikatia diski mpya, nikaweka Linux kutoka kwenye flash yangu niliyoitayarisha kwa mipangilio yangu mwenyewe, nikamhamishia kazi zake zote, na ilipofika wakati wa kumfundisha nikatoka nje, nikaketi barazani nimeligeuzia dirisha mgongo, mama akaketi mbele ya mashine, na Abigaïl akasimama mlangoni katikati yetu.

"Umuambie mama afungule kale kapicha ka chini."

"Mama, anasema ufungule kale kapicha ka chini."

"Umuambie mukwe aksanti, nilishafungula."

"Anasema aksanti, alishafungula."

Tukaenda hivyo mpaka koo la Abigaïl likakauka, mama akafungua hiki na kile kwa kubofya, akatoa programu moja ya matanga ya zamani kwenye printa, ikatoka safi, na mimi kule nje nikapiga kelele kwa furaha, sikungoja hata mjumbe, nikasema hii mashine sasa haina virusi, haina kosa, haiwezi kukosea. Halafu nikamwambia Abigaïl amuulize mama kama ameridhika. Jibu likaja: "Umuambie mukwe, iko muzuri sana, Mungu amubariki." Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Kila Jumapili baada ya hapo tukienda kumsalimu nilituma swali lile lile na kupata jibu lile lile, iko muzuri, iko muzuri, nami nikaendelea kuwasimulia watu kwamba hata mama mkwe wangu anatumia Linux. Mpaka juzi nilipopita kwa Kapya, yule bwana mwenye duka la kutoa kopi karibu na soko, na pale kwenye benchi la wateja nikamkuta Mama Delphine ameketi, mkoba magotini, anamtajia Kapya programu ya matanga neno kwa neno na Kapya anachapa kwa vidole viwili. "Andika: wimbo ya kuingia. Apana, juu kidogo. Acha nafasi." Alivyosema "acha nafasi", Mama Numbi, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji kwa jirani. Akainua macho akaniona. Mimi nikatazama chini kama inavyotakiwa, yeye akatazama chini kama inavyotakiwa, nikatoka bila kopi zangu, desturi yenyewe inatuambia tusitazamane, kwa hiyo hata aibu yetu tuliificha ndani ya heshima.

Nilipomwambia Abigaïl, yakamtoka yote. Kumbe mama yake hajaigusa mashine tangu wiki ile ya kwanza. Kumbe jioni anaweka vidole kwenye maji ya moto yenye chumvi. Kumbe alimwomba Abigaïl ampeleke kwa daktari wa macho, daktari akasema macho ni ya umri wake tu, miwani yake inatosha, na mama akarudi na huzuni zaidi kuliko alivyokwenda. Abigaïl alipomuuliza shida ni nini, alisema: "Mikono yangu inasahau, mwana. Usimuambie muntu." Na kubwa kuliko yote, mdogo wake Abigaïl, Sephora, anaolewa hivi karibuni. Tangu Sephora yuko shule ya msingi Mama Delphine anasema kadi za harusi ya mtoto wake wa mwisho atazichapa yeye kwa mikono yake, na sasa amemwambia Sephora taratibu kwamba labda apeleke kwa Kapya.

Nimekonda. Fils anasema nirudishe diski ya zamani mama akiwa misani, asijue, yaishe. Abigaïl anasema nisiiguse tena mashine ya mama yake, nimeshamwaibisha vya kutosha. Mimi nataka kuingia mle ndani nikae naye bega kwa bega nimfundishe upya, lakini nikifanya hivyo nimevunja heshima yake mbele ya ukoo mzima, na nisipofanya atachukuliwa kama mzee asiyeweza tena, naye ataamini hivyo, na kadi za Sephora zitachapwa na mtu mwingine. Siogopi kugombezwa, Mama Numbi. Ninachoogopa ni huyu mama kukaa nyumbani akiangalia mikono yake. Nifanye nini?

Gauthier, Katuba

JIBU LA MAMA NUMBI

Gauthier mwanangu, kwanza kunywa maji. Hujaua mtu. Diski ya zamani ipo, kazi za mama zipo, na mama mwenyewe yupo. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikataka kukuvuta sikio, kwa hiyo utapata vyote viwili.

Tuanze na sikio. Wewe umewahi kumwona mama mkwe anakataa alichofanyiwa na mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe? Hata ungemletea ugali mbichi angesema aksanti. Ulimaliza kazi, ukajisifu dirishani kwamba mashine haiwezi kukosea, halafu ukamtuma binti yake amuulize kama ameridhika. Ulitaka ajibu nini? "Iko muzuri" haikuwa habari ya mashine, ilikuwa adabu. Wewe ukaibeba ukaenda kuitangaza mjini. Na kwa kuwa ulisema mashine haina kosa, siku kosa lilipotokea yule mama alitafuta mwenye kosa chumbani, akajikuta yuko peke yake.

Sasa huruma. Kabla ya kuandika kwenye gazeti nilikuwa mchapaji ofisini, miaka mingi, hapo hapo mjini unapofanyia kazi wewe. Nakuambia kwa hakika: mwanamke aliyefundishwa na masista, anayechapa bila kutazama, haamki siku moja vidole vimesahau. Vidole hivyo husahau mwisho kabisa, baada ya kichwa. Na daktari amesema macho mazima. Basi tutazame kitu kilichobadilika wiki ile ile, nacho ni mashine, na aliyeibadilisha ni wewe.

Umeniandikia kwamba kompyuta yako uliinunua upande wa Zambia. Huko herufi zimepangwa kwa mpango wa Kiingereza. Umeniandikia pia kwamba flash uliitayarisha kwa mipangilio yako mwenyewe. Mama Delphine ana kibodi ya Kifaransa kama sisi wote tuliopita kwa masista. Ukiiambia mashine kwamba kibodi ni ya Kiingereza, basi mtu akibonyeza penye A inatoka Q, akibonyeza penye Z inatoka W, na akibonyeza M inatoka nukta-mkato. Jaribu kuandika neno "mama" hivyo uone kinachotoka. Hao wengine uliowawekea labda wana mashine za Zambia kama yako, au hawachapi, wanabofya tu na kutazama sinema. Mama mkwe wako siku ile ya mafunzo naye ulimfanya abofye tu! Hukumwachia aandike hata jina lake.

Fikiria sasa alichokiona peke yake mle chumbani. Anachapa wimbo wa kuingia, zinatoka takataka. Anasema nimekosea. Anarudia, takataka. Anafanya jambo ambalo hajalifanya tangu msichana, anatazama chini, anaona A, anabonyeza A, inatoka Q. Na mkwe wake msomi amesema mashine haiwezi kukosea. Ndiyo maana akaenda kwa daktari wa macho. Ndiyo maana ya maji ya chumvi. Huyu mama si kwamba ameshindwa na Linux yako, Gauthier, anaamini anazeeka kichwa. Hilo ndilo la kumwondolea leo, mengine yatangoja.

Utafanya hivi. Usimsikilize Fils, hakuna kurudisha kitu kwa siri mama akiwa misani, ulishafanya kazi akiwa jikoni na umeona ilivyokuletea. Usiingie ndani pia, heshima yake usiiguse. Mtume Sephora, ni mtoto wake, anakaa naye anapotaka, na ndiye mwenye kadi. Abigaïl mwache apumzike, amechoka kuwa simu yako. Sephora awashe mashine, mama akiwa ameketi pembeni yake, si nyuma ya mlango, abonyeze A mbele yake. Ikitoka Q, Sephora aende kwenye mipangilio ya kibodi, achague Kifaransa, aondoe Kiingereza, na kisha ampishe mama kiti. Asimfundishe kitu. Amwache achape.

Wewe ukae pale pale barazani kwa mama, mgongo dirishani, na safari hii ufunge mdomo. Diski ya zamani uwe nayo mkononi. Mama akisema anataka mashine yake kama ilivyokuwa, utairudisha siku hiyo hiyo bila hotuba. Akisema anataka zote mbili, zinaweza kukaa pamoja, kila asubuhi mashine itamuuliza aamshe ipi. Chaguo ni lake. Halafu umtume shangazi yako na kitenge kizuri kuomba radhi, kwa njia ya kwenu, si kwa ujumbe wa simu.

Na hao wengine unaowahubiria, nakukataza usimguse mtu mashine kabla hujakaa ukamwangalia anaitumia vipi siku ya kawaida. Ukimaliza, mwache aandike mstari mmoja wa kazi yake mwenyewe kabla hujaondoka. Na usimuulize kama iko muzuri. Muulize nini kimemkera.

Nilikuwa nimeishia hapo. Lakini harusi haingoji gazeti kwenda mtamboni, kwa hiyo jibu hili nilimtumia Gauthier kwa simu kwanza, na jana alinipigia akiwa hawezi kumaliza sentensi. Nikadhani kuna msiba. Kumbe analia na kucheka pamoja. Ameniruhusu nisimulie, na si yeye peke yake, kama mtakavyoona.

Sephora alibonyeza A, ikatoka Q. Akaandika "mama", ikatoka ile takataka niliyowaambia. Mama Delphine aliitazama skrini, akavua miwani, akaivaa tena. Akamwambia Sephora arudie. Akarudia. Ndipo Gauthier kule nje akasikia kiti kinasukumwa na sauti ya mama mkwe wake, ile anayoisikiaga ikitoa shukrani tu, ikipanda mpaka barabarani:

"Kumbe haiko miye! Sephora, unaona? Haiko miye!"

Akaketi akalia, binti yake akambembeleza, wakatengeneza kibodi, na baada ya muda Gauthier akasikia mlio ambao mtaa ule ulikuwa umeukosa, vidole kumi vikikimbia bila kusimama. Anasema aliweka uso kwenye magoti, hapo barazani, wapita njia wakimtazama. Mimi pia, niliposikia, ilinibidi niweke simu chini kidogo.

Halafu mama akaanza. Hakumtuma binti. Aligeukia ukuta, kwa sababu ukuta si mkwe, na mtu anaruhusiwa kusema na ukuta wake.

"Weye ukuta, umuambie ule bwana mwenye kukaa inje: nilikuwa naweka mikono mu maji ya moto bule! Nilienda mupaka kwa docteur bule! Kapya alikuwa ananiandikia ma-programme na makosa, bantu banasema ni ya Delphine, haya yote ni bule! Na umuambie tena: maandishi ya hii mashine iko kadogo, na inalia vibaya ikiamuka. Atengeneze!"

"Nimesikia, ukuta," akajibu Gauthier, na mimi sijui kama desturi inaruhusu hilo, lakini hakuna aliyelalamika.

Kuhusu chaguo, mama ameamua. Mfumo mpya ubaki kwa sababu una mbio, na flash za wateja hazimtishi tena. Diski ya zamani ameitaka aitunze mwenyewe, kabatini kwake, chini ya ufunguo wake. Kadi za Sephora zilianza kuchapwa jioni ile ile. Gauthier, umegombezwa kwa mara ya kwanza na mama mkwe wako. Usimjibu, kuza yale maandishi, zima ule mlio, ufanye leo kwa mkono wa Sephora.

Nilimuuliza Gauthier kama nifiche majina yao kama ninavyofanyaga. Akasema kwake ni sawa, lakini amuulize mama. Jibu lilikuja kupitia Sephora, na halikuwa "iko muzuri". Mama alisema jina lake liandikwe wazi, na mtaa, kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha kuenea sokoni kwamba amezeeka hawezi tena, na maneno yaliyoenea hadharani yafutwe hadharani. Mimi nimetoa amri kwa watu kwenye ukurasa huu miaka na miaka, leo napokea amri, na ninaitii:

Mama Delphine wa Katuba, anayechapa programu za matanga, kadi za harusi na vijitabu vya misa, vidole vyake ni vizima, na macho yake ni mazima. Aliyempelekea Kapya kazi yake aichukue kule ailete kwa mama, chumba cha mbele kiko wazi.